Diklofenaki imetuliza goti, tumbo linawaka. Nihamie sindano?

Goti_Bovu
Wakuu, habari za saa hizi. Nina miaka 57, goti la kulia limesagika. Daktari aliniandikia diklofenaki ya miligramu 50, kutwa mara tatu, siku 7. Goti limetulia kweli, hadi ngazi napanda. Shida ni tumbo, linawaka chini ya chembe ya moyo, hasa usiku. Nimeamua nihamie sindano kwa kuwa haipiti tumboni. Naomba kujua tu, kwa wiki zinatosha ngapi?

Dozi_Kamili
Sindano haipiti tumboni, lakini dawa inafika huko huko. Kidonda hakiletwi hasa na kidonge kukwaruza ukuta wa tumbo. Dawa ikishaingia kwenye damu inazuia kimeng'enya kinachotengeneza prostaglandini, na hizo ndizo zinazofanya tumbo litoe ute wa kujikinga na asidi yake lenyewe. Umeze, uchomwe au uweke kwa njia ya haja kubwa, mwisho wake ni damu ileile. Na sindano ya diklofenaki haivuki siku mbili, kwa hiyo swali la "kwa wiki ngapi" halipo. Wewe uliandikiwa siku 7. Leo ni ya ngapi?

Mzee_wa_Busara
Tunapenda vidonge kuliko jasho. Keti kitini, nyoosha mguu mpaka paja likaze, hesabu hadi tano, shusha taratibu. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Goti linabebwa na misuli ya paja, siyo na duka la dawa.

Goti_Bovu
Shikamoo mzee, mazoezi nitafanya. @Dozi_Kamili zile 7 ziliisha, nikaongeza kidogo mwenyewe.

Chumvi_Kidogo
"Kidogo" ya mgonjwa ni ndugu yake "nipo njiani" ya fundi. Taja wiki.

Goti_Bovu
Hii ya sita. Ila nakunywa nimeshiba, na tumbo likizidi natafuna vile vidonge vya magnesiamu. Kila nikiacha goti linarudi palepale, sasa mlitaka nifanyeje?

Kaunta_ya_Dawa
Kushiba kunapunguza kichefuchefu, hakuzuii kidonda. Magnesiamu inazima moto unaousikia na kidonda kinaendelea chini kwa chini. Kuna wanaovuja damu bila kuwahi kusikia maumivu, maana dawa wanayokunywa ni ya kutuliza maumivu!

Kinga yenye maana ni kama omeprazoli (dawa ya kupunguza asidi tumboni) miligramu 20, mara moja kwa siku, nusu saa kabla ya mlo wa kwanza, kila siku unayotumia diklofenaki na siyo siku za kuwaka tu. Hata hivyo inakinga tumbo pekee, figo na moyo haiwasaidii. Kabla hujaikimbilia, taja kila unachomeza, hata ulichoandikiwa na daktari mwingine au ulichojinunulia.

Goti_Bovu
Za presha tu: losartani na kile kidonge cha kutoa maji. Sikuzitaja kwa sababu si za goti. Na ibuprofeni 400 usiku ukiwa mbaya, hiyo ni dawa nyingine kabisa.

Dozi_Kamili
Ibuprofeni ni ndugu wa tumbo moja na diklofenaki. Ukizichanganya nafuu haiongezeki kwa maana, ila madhara yanajumlishwa. Kama diklofenaki haitoshi, cha kuongeza ni parasetamoli: gramu 1, pishana saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku, na chini ya hapo kwa mwenye ini bovu, uzito mdogo au mnywaji wa pombe.

Za presha ndizo ulipaswa kuanza nazo. Chujio la figo linafanya kazi kwa msukumo wa damu. Mshipa wa kuingizia damu unaachwa wazi kwa msaada wa prostaglandini, na diklofenaki inauminya. Mshipa wa kutokea hubanwa kidogo ili msukumo ubaki, na losartani inaulegeza. Dawa ya kutoa maji nayo imepunguza ujazo wa damu yenyewe. Umebana mlango wa kuingilia, umefungua wa kutokea, na tangi umelipunguza. Ukipata siku moja tu ya kuhara au kutapika, figo inaweza kuzima ghafla bila kuuma. Tena familia hii ya dawa inapandisha presha, kwa hiyo losartani unaimeza huku unaipinga.

Goti moja lina njia nyepesi: jeli ya diklofenaki ya asilimia 1, gramu 4 kwa goti, hadi mara nne kwa siku. Kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana ukilinganisha na kidonge.

Jicho_la_Tai
Nje ya mada kidogo. Dawa hii iliwamaliza tai wa India. Ng'ombe walikuwa wanatibiwa kwa diklofenaki, wakifa tai wanakula mizoga, figo zinakufa. India ilipiga marufuku ile ya mifugo mwaka 2006.

Mkaguzi_Mkuu
Wakuu, mnafanyishwa kazi ya bure. Miaka 57, losartani, dawa ya kutoa maji, diklofenaki, na ibuprofeni juu yake. Kisa kimekamilika mno. Hili ni swali la mtihani wa famasia na mwenye uzi anakusanya majibu. Siku 7 zikageuka wiki sita mlipouliza tu.

Chumvi_Kidogo
Kama ni mtihani, Dozi_Kamili ana 18 kwa 20. Moyo kauacha.

Kaunta_ya_Dawa
Alama mbili ni hizi: diklofenaki inaongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi, hasa dozi kubwa kwa muda mrefu. Vioxx, wa ukoo huohuo, iliondolewa sokoni mwaka 2004 kwa sababu hiyo. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ikasema mwenye ugonjwa wa moyo au aliyewahi kupata kiharusi asipewe diklofenaki.

@Goti_Bovu choo kina rangi gani?

Goti_Bovu
Mimi si mwanafunzi. Soksi nikivua jioni mchoro wake unabaki, nikibonyeza kwa kidole gumba shimo linakaa pale. Mwanafunzi angetunga hilo?

Choo ni cheusi. Lakini nakunywa vidonge vya madini ya chuma, kwa hiyo inajulikana.

Kaunta_ya_Dawa
Vya chuma umeanza lini, na weusi umeanza lini? Choo cha madini ya chuma ni cheusi cha kuelekea kijani na kimeshikana. Cha damu iliyotoka tumboni kinang'aa kama lami, kinanata, na harufu yake hata wa chumba cha pili anaijua.

Goti_Bovu
Chuma ni miezi mitatu sasa. Weusi ni tangu juzi. Kinanata, maji hayakiondoi mara moja. Nikisimama ghafla naona giza. Lakini Jumatatu nina miadi na daktari wa goti, si nimwambie hapo?

Mkaguzi_Mkuu
Naona tumefika sehemu B ya mtihani.

Dozi_Kamili
Uwe mtihani au usiwe, jibu ni moja. Jumatatu ni mbali. Nenda sasa hivi penye dharura, usiendeshe gari, na usile kitu, huenda wakaingiza kamera tumboni. Diklofenaki na ibuprofeni zimeishia hapa. Za presha usimeze dozi nyingine mpaka wakuone, kwa anayevuja damu zinaweza kuiangusha presha. Watapima wingi wa damu, kreatinini (kipimo cha kazi ya figo) na potasiamu. Ukitapika kitu kama masalia ya kahawa, au ukizirai, waite gari la wagonjwa.

Kaunta_ya_Dawa
Beba paketi zote kwenye mfuko mmoja, na vya chuma pia. Usiwasimulie kwa rangi za vidonge.

Goti_Bovu
Tupo njiani, mke wangu anaendesha, mfuko nimeupakata. Diklofenaki ya asubuhi nilikuwa nimeshaimeza kabla sijasoma haya. Niitaje?

Kaunta_ya_Dawa
Itaje, na saa uliyoimeza.