Wadau, 1,234,567 ni namba tasa (isiyogawanyika ila kwa 1 na yenyewe) au si tasa? Baiskeli ya watu inasubiri jibu

MjombaNgamiani:
Wakubwa shikamooni. Niko Ngamiani, Tanga. Mpwa wangu wa kidato cha pili kanisumbua baiskeli tangu shule zifunguliwe. Juzi, katika kumkwepa, nikamwandikia 1,234,567 nikamwambia: hii ni tasa au si tasa? Bila simu, kalamu na daftari tu. Ukipatia, baiskeli yako.

Jana usiku kaniletea kurasa nne zimejaa migawanyo. Kaanza na 3, 7, 11, kapanda mpaka 113, kote baki. Kwa 113 imebaki 42. Chini kapiga mstari mwekundu: TASA. Sasa mimi hesabu tuliachana zamani. Nanunua au sinunui?

BintiMkonge:
Yaani umetega mtego usioujua mwenyewe? Nunua tu, mjomba.

FundiSaa:
Tasa hiyo. Haiishii na shufwa wala 5, na tarakimu zake jumla ni 28, kwa hiyo 3 haiingii.

MstaafuWaChaki:
Fundi, taratibu. Hata 49 inapita kwenye chujio lako hilo, na si tasa. Namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha pili cha 1,234,567 ni 1,111 na ushee, kwa hiyo zinajaribiwa namba tasa zote mpaka 1,109. Ziko 186. Kijana kaishia ya 30, ambayo ni 113. Ya 31 ni 127, na hiyo inaingia bila baki: 127 × 9,721. Si tasa.

MjombaNgamiani:
Lahaula! Kakomea kizingitini. Na hiyo 9,721 nayo inavunjika?

MstaafuWaChaki:
Haivunjiki, na aliyethibitisha ni mpwa wako mwenyewe bila kujua. Ingekuwa inavunjika, ingekuwa na kigawo tasa kisichozidi 98, maana kipeuo chake cha pili ni 98 na ushee. Kigawo hicho kingeingia pia kwenye ile namba kubwa, na yeye kashajaribu zote mpaka 113. Zile kurasa usifungie vitumbua.

Basi vigawo vyake ni vinne tu: 1, 127, 9,721 na yenyewe. Hivyo vitatu vidogo jumla yake ni 9,849, haifiki hata robo ya robo ya namba yenyewe, ndiyo maana inawekwa kwenye kundi la namba pungufu, yaani zile ambazo vigawo vyake vidogo vikijumlishwa havizifikii. Ila 127 ni ya ukoo mkubwa: izidishe kwa 64 upate 8,128, namba kamilifu, yaani iliyo sawa kabisa na jumla ya vigawo vyake vidogo, kama 6 (1+2+3) na 28. Wagiriki wa kale walikuwa wanaijua.

BintiMkonge:
Kwa hiyo kakosa jibu, kapatia kazi. Mjomba, usitafute pa kutorokea.

MjombaNgamiani:
Nimemwonyesha hiyo 127. Kanyamaza, kachukua kalamu, kagawa mwenyewe hadi ikaisha, kisha kasema, "Mjomba, ningegeuza ukurasa tu." Jumamosi tunakwenda kuangalia baiskeli iliyotumika. Kengele atajinunulia.