Kigimbi kinauma nikitembea, ilhali eksirei haionyeshi kasoro

Swali
Ndugu zangu, naomba ushauri. Kwa miezi 4 sasa kigimbi cha mguu wa kushoto kinanibana kila nikitembea kwa kama dakika 10. Nikisimama maumivu hupoa, nikianza tena hurudi pale pale. Sikuanguka wala sikugongwa, na eksirei ya goti haikuonyesha kasoro yoyote. Nina umri wa miaka 58 na nimevuta sigara kwa muda mrefu. Chanzo chaweza kuwa nini?

Jibu la kwanza
Pole sana ndugu. Eksirei huonyesha mifupa, si mishipa ya fahamu, na hali ya mishipa ya damu haiwezi kupimwa kwayo, kwa hiyo picha safi haina maana kwamba maumivu hayana sababu. Maumivu yanayokuja kwa kutembea na kutulia kwa kusimama ni dalili inayojulikana ya kusinyaa kwa ateri za mguu, yaani mishipa inayopeleka damu mguuni, ambapo mafuta hugandamana ndani ya mshipa na msuli ukakosa damu ya kutosha unapofanya kazi. Sigara na kisukari huchangia sana. Mwombe daktari apime shinikizo la damu kifundoni na mkononi, kisha agawanye la kifundoni kwa la mkononi: uwiano wa 0.90 au chini ya hapo huashiria ugonjwa huo.

Jibu la pili
Naafiki, ila msisahau uti wa mgongo. Mama yangu aliteseka vivyo hivyo, lakini yeye kusimama hakukumsaidia. Ilimbidi aketi au ainame mbele, na ikabainika kwamba mishipa ya fahamu ilibanwa kiunoni. Wapo pia wanaoumwa misuli kwa sababu ya dawa za kupunguza lehemu, ingawa hayo hayatoweki kwa kusimama kidogo. Ukisimama wima bila kuegemea kitu, maumivu yanaisha?

Muuliza swali
Nimejaribu asubuhi hii. Yameisha kabisa baada ya kama dakika 3, na nilipovua viatu niligundua kwamba wayo wa kushoto ni wa baridi kuliko wa kulia.

Jibu la kwanza
Basi nenda ukapimwe wiki hii, na sigara uiache kuanzia leo. Maumivu yakikujia hata ukiwa umelala, wayo ukipauka ghafla, au kigimbi kikivimba na kupata joto, usingoje miadi: nenda hospitali saa hiyo hiyo, kwa kuwa kigimbi kilichovimba hivyo chaweza kuwa na damu iliyoganda, na bonge lake huweza kusafiri hadi mapafuni.