Naomba ushauri: bastola hii ya Webley ni toleo la Mark V au Mark VI?

Ndugu wajuzi, ninaorodhesha vitu vya kale vya marehemu mzee wetu wa Mji wa Kale, Mombasa, ikiwemo bastola ya Webley ya risasi za .455, ambayo ilikwisha kuharibiwa kisheria isifyatue tena. Mtutu wake wa inchi 6 ni kama wa Mark VI ya mwaka 1915, lakini mpini umeviringika kama kichwa cha ndege, ilhali wa Mark VI una pembe. Alama ya toleo imeliwa na kutu (chumvi ya pwani haina huruma). Ninaelekea kuamini kuwa ni Mark V ya 1913, ingawa nyingi zilikuwa na mtutu wa inchi 4. Kwa kuwa silinda (sehemu inayozunguka, yenye matundu ya risasi) ya Mark V ni nene kuliko ya Mark IV, nipime wapi hasa, na mtutu uliobadilishwa baadaye hutambulikaje?