Mwezi mzima Banda Neira bila mbio: tupangeje?

BiBasibasi_Wete

Assalaam alaykum. Mimi na mume wangu tumekusudia kwenda Indonesia kukaa mji mmoja tu, usiku 30. Bali hatuitaki, Jakarta tutapita njia. Tumechagua Banda Neira kule Maluku: mji mdogo, Waislamu wengi, mashamba ya viungo, na bahari. Tuna nafasi Julai au Oktoba. Twende lini, na kutoka Ambon tunafikaje? Fedha tuzibebeje? Mume wangu ana presha, anameza dawa kila siku. Na tungependa kuona ilikotoka mikarafuu yetu. Ahsanteni.

Nahodha_Mkoani

Waalaykum salaam bibie. Julai iondoe kabisa. Banda ipo karibu digrii 4 na nusu kusini, sawasawa na Pemba kwa kukisia, kwa hiyo jua litachomoza na kuchwa saa zile zile mnazozijua. Upepo ndio mwengine. Juni hadi Agosti unavuma upepo wa mashariki, wenyewe wanasema *musim timur* (hilo *musim* ni msimu wetu huu huu). Bahari ya Banda inachafuka, boti ya kasi inaweza kusita kwa wiki nyingi, na Ambon mvua inapiga wakati Java na Bali ni kukavu. Ndiyo maana kalenda za watalii zilizoandikwa kwa ajili ya Bali zinapoteza watu. Disemba hadi Februari ni upepo wa magharibi, nao una mawimbi yake. Nyinyi mnataka tanga mbili, yaani pepo zinapobadilishana na bahari kutulia: mwisho wa Machi hadi Mei, au Oktoba na nusu ya kwanza ya Novemba. Shikeni Oktoba.

Jakarta hadi Ambon ni kama saa tatu na nusu kwa ndege. Kutoka Ambon kuna boti ya kasi inayoondokea Tulehu, upande wa mashariki wa kisiwa, mwendo wa saa 6 hivi, mara chache tu kwa wiki. Kuna meli kubwa za Pelni, shirika la serikali, zinazoondokea bandari ya mjini. Zinakwenda polepole lakini haziogopi wimbi kama boti. Na kuna kindege kidogo, viti vichache, mzigo kama kilo 10 kwa mtu, nacho hufutwa hali ya hewa ikiharibika.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa: wananunua tiketi ya kurudi nyumbani kwanza, halafu wanatafuta meli ya kuwawahisha. Geuzeni. Ratiba ya Pelni ikitoka, chagueni meli ya kwenda na ya kurudi, kisha ndege ya Ambon na Jakarta, na mwisho kabisa ile ya kimataifa. Wekeni usiku 2 Ambon wakati wa kwenda na usiku 3 wakati wa kurudi. Usiku huo si wa kupoteza, ndio bima yenu. Meli ikichelewa siku moja na ndege inaondoka siku hiyo hiyo, mmepoteza tiketi zote zinazofuata.

Melini daraja la kawaida ni vitanda vya pamoja kwenye ukumbi. Chukueni kanga ya kutandika, kufuli la mkoba, maji na vitafunwa. Dawa za mzee zikae mkoba wa mkononi, si kwenye begi kubwa.

Karani_wa_Malindi

Nahodha kamaliza habari ya bahari. Mimi nitasema ya makaratasi, maana hesabu yenu ya usiku 30 ina kasoro.

Viza inayonunuliwa uwanjani ni ya siku 30 kwa rupia 500,000, na siku mnayotua Jakarta ni siku ya kwanza. Toeni siku za njiani na zile usiku 5 za Ambon, Banda zinabaki usiku 20 na kitu. Kuiongeza lazima mtu afike ofisi ya uhamiaji, na iliyo karibu ipo Ambon, yaani safari nyengine ya meli. Kuzidisha muda ni faini ya rupia milioni 1 kwa siku, kwa kila mtu. Kwa hiyo ombeni mapema, kwa mtandao wa uhamiaji wao, viza ya utalii ya siku 60. Pasipoti iwe na miezi 6 ya uhai tangu siku ya kuingia. Chukueni na cheti cha homa ya manjano. Nauliza kila anayepitia Addis Ababa au Nairobi kama anacho, na nyinyi nakuulizeni.

Fedha: shilingi yetu huko haibadilishwi. Bebeni dola, noti mpya, zisizokunjwa wala kuandikwa. Noti yenye mkunjo katikati mbadilishaji anaweza kuikataa au kuipunguzia thamani. Badilisheni Jakarta au Ambon. Kupata shilingi, gawanya rupia kwa 6 au 7. Chumba cha nyumba ya wageni Banda kikiwa rupia 300,000, usiku 30 ni rupia milioni 9, yaani noti 90 za 100,000, na hapo hamjala wala hamjapanda mashua. Msitegemee mashine ya ATM ya kisiwani: fedha zikiisha ndani yake, inasubiri meli kama nyinyi. Gawaneni noti, nusu kwa mke, nusu kwa mume.

Simu iliyonunuliwa nje haishiki laini ya Indonesia mpaka namba yake ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu yenyewe, isajiliwe. Mgeni anasajiliwa kwa siku 90 kwenye duka rasmi la kampuni ya simu, kwa pasipoti. Nunueni laini Jakarta kwenye duka kama hilo, chukueni Telkomsel. Ya mtaani itafanya kazi siku mbili tatu kisha ikatike, na Banda hakuna wa kuwasaidia. Plagi zao ni pini mbili za duara, zetu tatu za bapa, kwa hiyo adapta. Umeme wenyewe ni ule ule.

Dawa_Chake

Kwa mzee: dawa za siku 45 hata kama safari ni siku 38, zikiwa kwenye paketi zake, pamoja na cheti cha daktari chenye jina halisi la dawa. Kipimo cha presha mkichukue na betri zake. Kliniki ya Banda ni ya mambo madogo, makubwa ni Ambon.

Malaria mnaweza kuidharau kwa sababu Zanzibar imepungua sana. Basi hiyo ndiyo hatari, mwili uliokaa miaka bila malaria hauna kinga. Maluku ipo. Mwambieni daktari dawa za presha anazotumia mzee kabla hajawaandikia za kinga, na mzimalize hata mkisharudi. Doxycycline, kwa mfano, inaendelea wiki 4 baada ya safari.

BiBasibasi_Wete

Nimeandika yote. Oktoba, viza ya siku 60. Sasa mtu anafanya nini huko siku zote hizo? Na karafuu?

Shamba_la_Kizimbani

Dada, karafuu asili yake si Banda. Banda ni kungumanga. Mikarafuu ilikuwa ya Ternate, Tidore na visiwa jirani, kaskazini huko. Mfaransa Pierre Poivre ndiye aliyefanikisha kuchukuliwa kwa miche mwaka 1770, ikapandwa Mauritius, na kwetu ikafika mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa kuwa viza ni ya siku 60, ongezeni wiki Tidore. Mnaruka hadi Ternate, mnavuka kwa boti ndogo dakika chache, mnakaa mji wa Soasio. Kumetulia, na hospitali ya Ternate haipo mbali.

Banda tafuteni mashamba ya Banda Besar, mkabala na mji. Mikungumanga imepandwa chini ya miti mirefu iitwayo mikenari, inayoipa kivuli. Simameni chini ya mti wenye matunda yaliyoiva: ganda la njano limepasuka kwa mstari mmoja, ndani basibasi nyekundu, bado mbichi na inang'aa, imeikamata kokwa nyeusi kama wavu. Mvunaji hushika upondo mrefu wenye kikapu kidogo nchani, anazungusha tunda likaingia bila kuanguka. Basibasi ikikauka rangi hupotea, kwa hiyo nendeni asubuhi wanapoambua.

Mashua za abiria za visiwa vya Ai na Run huja Neira asubuhi na kurudi mchana. Mtu anayetaka kwenda na kurudi siku moja lazima akodi mashua nzima. Nyinyi mna muda, kalaleni. Run ndicho kisiwa Waingereza walichowaachia Waholanzi mwaka 1667, na Waingereza wakabaki na Manhattan. Mlima Gunung Api una mita 600 na zaidi, changarawe inateleza. Mzee abaki ngome ya Belgica, na huko mandhari ni mazuri.

Msikitini hamtaona ugeni: madhehebu ni Shafi, Alfajiri wanasoma kunuti. Kibla tu ndiyo itakugeuzeni, kwetu ni kaskazini, kwao magharibi ikipanda kidogo kaskazini. Maneno mengi mtayadaka: *kabar*, *waktu*, *sabun*, *meja*, *bendera*. Angalieni mawili. *Dada* kwao ni kifua, msimwite hivyo mwenye nyumba, semeni *Ibu*. Na *kuku* ni ukucha. Mkitaka kuku wa kula, agizeni *ayam*.