Tupeane uzoefu: ukiumia mguu, ulijuaje kwamba hili ni la hospitali na si la kukaa nyumbani?

Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za jioni.

Nasimamia timu ya vijana hapa mtaani, na haipiti wiki bila mtu kuumia kuanzia kifundo cha mguu kwenda chini. Watu wanamzunguka, kila mmoja na hukumu yake. Huyu anasema kateguka tu, mchueni na maji ya moto. Yule anasema kavunjika, mpelekeni wilayani. Kijana mwenyewe hana nauli, mama yake yuko sokoni, na mwisho wa siku anayesikilizwa ni mwenye sauti kubwa.

Naomba kila mwenye kisa chake, au cha mtu wa nyumbani kwake, aseme ni dalili gani iliyoamua. "Yaliuma sana" haitoshi. Nimeona waliolia kwa uchungu wakapona kwa barafu na kupumzika, na nimeona aliyerudi nyumbani kwa miguu yake kumbe mfupa umepasuka.

Nianze mimi. Kwenye mafunzo ya huduma ya kwanza tulifundishwa kipimo kilichotungwa na madaktari wa Ottawa, Kanada, mwaka 1992, kwa ajili ya kuamua nani apigwe eksirei baada ya kupinda mguu. Kwanza, je, aliweza kukanyaga hatua 4 pale pale alipoumia, na anaweza sasa? Kuchechemea kunahesabika, mradi uzito uhamie kwenye mguu ulioumia. Pili, bonyeza mfupa kwa kidole, si nyama iliyovimba. Mahali ni pachache: ile mifupa miwili inayochomoza ndani na nje ya kifundo, ukipapasa ukingo wake wa nyuma kutoka nchani kupanda kama sentimita 6, kile kinundu cha mfupa katikati ya ukingo wa nje wa unyayo, usawa wa kidole kidogo, na mfupa ulio juu ya upinde wa ndani, mbele kidogo ya kifundo. Akishindwa hatua 4, au akiruka ukimbonyeza sehemu mojawapo, apigwe picha.

Wiki iliyopita nilimpima hivyo beki wetu wa kushoto. Kifundo kilikuwa kimevimba kama andazi, lakini alitembea na mifupa haikuuma. Zahanati nao wakambonyeza vile vile, wakamfunga bandeji, hawakumwandikia picha. Leo anakanyaga vizuri. Karibuni.

Mama Wawili

Asante kwa uzi huu mkuu. Kwangu ni mtoto. Alikuwa amepakiwa nyuma ya baiskeli ya mjomba wake, mguu ukaingia kwenye spoku. Ulipotolewa ulikuwa na michubuko tu kisigino na kwenye kifundo, damu kidogo. Shemeji akasema tuoshe tupake dawa. Mama mkwe ndiye aliyesimama kidete twende, akasema mguu uliobanwa si sawa na mguu uliochubuka.

Daktari alipiga picha, mfupa salama, lakini akatuambia turudi baada ya siku mbili ili aangalie ngozi. Nilishangaa, ngozi ilikuwa inaonekana nzima. Tuliporudi, sehemu ya kisigino ilikuwa imeanza kuwa nyeusi. Alieleza kwamba spoku zinabana na kuvuta ngozi kwa wakati mmoja, mishipa ya damu ya chini inakatika, na ngozi inakufa polepole wakati juu huoni kitu. Alisafishwa, akafungwa vidonda kwa wiki kadhaa, leo anakimbia. Kina mama wenzangu, mguu wa mtoto ukiingia kwenye spoku usiuhukumu siku hiyo hiyo.

Fundi Bati

Msumari. Sisi wa ujenzi ndiyo mkate wetu. Kijana wangu alikanyaga ubao wenye msumari akiwa na kandambili, ukapenya hadi nyayoni. Wenzake wakataka kumimina oili chafu. Nikakataa, nikampeleka kituo cha afya akachomwa sindano ya pepopunda siku ile ile.

Tulichojifunza pale: tundu la msumari ni dogo kwa nje lakini refu kwa ndani, na linajifunga juu huku uchafu umebaki chini. Msumari ukipita kwenye kandambili au raba, unasukuma vipande vya mpira ndani, na kuna bakteria wanaopenda mazingira hayo. Muuguzi alisema maumivu yakipungua kisha yakarudi baada ya siku kadhaa, arudi haraka hata kama tundu limefunga, kwa sababu huenda wadudu wamefika kwenye mfupa.

Tabibu wa Kata

Fundi, hapo umesema jambo muhimu. Niongeze kuhusu chanjo, maana zahanati tunaliona kila siku. Kina mama wengi wamechanjwa pepopunda wakati wa ujauzito. Kina baba wengi mara ya mwisho walichomwa wakiwa watoto. Kwa jeraha dogo na safi, tunarudia kama imepita miaka 10. Kwa jeraha la kuchomwa na kitu chenye ncha au lenye udongo, kinyesi cha mifugo au kutu, tunarudia ikipita miaka 5, na asiyekumbuka kabisa tunamhesabu kama hana. Pepopunda mara nyingi hujitokeza kati ya siku 3 na 21, taya ndiyo huanza kukaza, na wakati huo kidonda kinaweza kuwa kimeshapona. Kwa hiyo kidonda kukauka si ushahidi wa usalama.

Dalili nyingine ambayo wazee wetu wanaijua vizuri ni mtoki. Una kidonda kwenye kidole cha mguu, halafu kinena kinavimba na kuuma: maambukizi yameanza kupanda. Ukiona na wekundu unasambaa, mstari mwekundu unapanda mguuni, au homa na kutetemeka, njoo siku hiyo.

Mwanzisha uzi, kipimo chako ni kizuri na tunakitumia. Ila kina watu wasiowahusu: mlevi, mtoto mdogo asiyeweza kueleza, mwenye jeraha jingine kubwa linalomsahaulisha mguu, na mwenye ganzi ya nyayo. Huyu wa mwisho ndiye ananinyima usingizi.

Binti wa Mzee

Tabibu umegusa nyumbani kwetu. Baba yangu ana kisukari kwa miaka mingi. Jumapili moja anarudi kanisani nikaona soksi yake imelowa. Nikamvua viatu. Ndani ya kiatu kulikuwa na kokoto, na chini ya kidole gumba kulikuwa na kidonda ambacho ungeweza kuona nyama ya ndani. Alikuwa ametembea nacho kutwa nzima. Nikamuuliza, baba hukusikia? Akanitazama kama namuuliza kitu cha ajabu. Hakusikia chochote.

Majirani walisema, kama hakiumi si kikubwa, akiweke asali. Mimi nilikuwa nimeshasikia kliniki kwamba kwa mwenye kisukari ni kinyume chake: kisichouma ndicho cha kuogopa. Sukari ikikaa juu kwa miaka inaua mishipa ya fahamu ya nyayo, na damu nayo inafika kwa shida, kwa hiyo hasikii anapoumia na anachelewa kupona. Kesho yake asubuhi tulikuwa hospitali. Daktari alimgusa nyayo kwa kiuzi kigumu kama cha nailoni huku baba amefumba macho, aseme anapoguswa. Sehemu nyingi hakusema kitu. Kidole kimoja hakikuokoka, kilikatwa, lakini mguu upo na anatembea.

Tangu hapo kila jioni namkagua nyayo, katikati ya vidole na kisigino, na kabla hajavaa kiatu nakikung'uta. Maji ya kuoga napima mimi kwa kiwiko. Hata jiko la mkaa simwachi alikaribie kuota moto, maana anaweza kuungua asijue. Na chandarua kinachomekwa vizuri chini ya godoro. Madaktari wa Dar es Salaam wameshaandika kuhusu wagonjwa wa kisukari waliong'atwa miguu na panya usiku wakaamka asubuhi na vidonda.

Mwenye mzazi mwenye kisukari, tafadhali, leo hii mvue viatu umwangalie.

Tabibu wa Kata

Ubarikiwe dada. Na nyongeza moja tu: mguu wa mwenye kisukari ukivimba, ukawa mwekundu na wa moto kuliko mwenzake, hata bila kidonda wala maumivu, aache kuukanyagia na aje. Mifupa ya unyayo inaweza kuwa inavunjika ndani kimya kimya.

Mwalimu wa Netiboli

Hatua 4 mimi nilizipita, jamani, na bado ilikuwa ya hospitali. Nilikuwa naruka kudaka mpira, nikasikia "pa!" nyuma ya kisigino, nikageuka nikidhani kuna aliyenipiga jiwe. Hakukuwa na mtu. Nilitembea hadi kwenye benchi, maumivu yakatulia, wanafunzi wakafurahi. Lakini nilipojaribu kusimama kwa ncha ya vidole vya mguu ule mmoja, haukunyanyuka. Hicho ndicho kilichonipeleka.

Daktari alinilaza kifudifudi akaminya shavu la mguu. Unyayo wa mguu usioumia ulicheza, wa mguu ulioumia haukucheza. Kano ya kisigino imekatika. Kwa hiyo mwanzisha uzi, kwa vijana wako ongeza na hiyo ya kusimama kwa ncha za vidole.

Mwanzisha uzi

Naiandika sasa hivi, mwalimu. Pole sana.

Bodaboda wa Uyole

Pikipiki iliniangukia, unyayo ukabaki chini. Kituo cha kwanza walipiga picha nimelala, wakasema hakuna kitu. Nilikuwa nimevimba juu ya unyayo, sawa, lakini kilichonitia shaka ni kwamba chini, kwenye upinde, kulitokea damu iliyovilia, rangi ya zambarau. Mwenzangu mmoja aliyewahi kuumia hivyo akaniambia hiyo ya chini si ya kawaida, nenda kwa wa mifupa. Huko wakapiga picha nimesimama, uzito juu yake, na mifupa ya katikati ikaonekana imeachana. Niliwekewa skrubu. Daktari alisema majeraha ya pale katikati hupita bila kuonekana mara nyingi, na yakiachwa unyayo unaporomoka.

Kwa hiyo picha ya kwanza ikiwa safi na wewe bado hukanyagi baada ya wiki, rudi.

Mvuvi wa Kilwa

Taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, akikuchoma, sumu yake haipendi joto. Huyu si wa barafu. Tunaweka mguu kwenye maji ya moto, ya moto kweli lakini yasiyounguza, na anayeyapima ni mwenye mkono mzima, kwa sababu mguu uliochomwa unaweza kuungua usisikie. Muda wa saa moja hivi maumivu yanashuka. Halafu hospitali, kwa sababu ule mwiba una meno na huwa unakatikia ndani.

Mkulima Kilosa

Nyoka je? Huku kuna kifutu na wanafunga kamba juu ya goti.

Tabibu wa Kata

Nyoka hana mjadala mkuu, ni hospitali moja kwa moja. Kamba inayokaza inaua mguu, msifunge. Msichanje, msinyonye, msipoteze muda na jiwe la nyoka. Vueni viatu, bangili na pete za vidole kabla hapajavimba, mguu utulie kama uliovunjika, mbebeni asitembee. Msimfukuze nyoka.

Shangazi wa Tandika

Mimi nina swali, mpwa wangu amefungwa P.O.P (plasta ngumu) jana kwa kuvunjika kifundo. Leo analia vidole vinawaka moto na vimevimba. Tumempa dawa ya maumivu, haisaidii. Tarehe ya kliniki ni wiki ijayo. Tumsubirishe?

Tabibu wa Kata

Hapana shangazi, usisubiri. Bonyeza kucha ya kidole gumba hadi iwe nyeupe, uachie: rangi irudi ndani ya sekunde 2 hivi. Mwambie achezeshe vidole. Mguse uone kama anasikia. Lakini hata kama hayo yote yako sawa, maumivu yanayozidi baada ya P.O.P na hayasikii dawa yanatosha kumrudisha usiku huu huu. Misuli inaweza kuwa inabanwa ndani, na hapo tunahesabu saa. Unyanyueni mguu uwe usawa wa moyo mkiwa njiani, usiwe juu zaidi. Mkifika semeni neno hili mapokezi: "P.O.P imebana, maumivu hayasikii dawa." Wataipasua.

Shangazi wa Tandika

Tunatafuta bajaji sasa hivi.