Kamala wa mieleka, "jitu la Uganda": alikuwa Mganda kweli?

Mtoto wa Kashai aliandika:

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo limenikaa moyoni tangu nikiwa darasa la tano, na wiki hii baba yangu amelifufua.

Nimezaliwa Bukoba, Kashai. Mwaka 1994 mtaani kwetu kulikuwa na banda la video: mabati juu, mabenchi ya mbao, kiingilio shilingi hamsini. Mwenye banda alipata kanda za mieleka zilizochakaa mpaka picha ilikuwa inaruka. Siku moja akaweka ya Kamala. Jitu jeusi, peku, kiunoni kafunga ngozi ya chui, uso umepakwa rangi nyeupe, nyota kifuani, mwezi tumboni. Kaingia na kinyago na mkuki. Mtangazaji anasema katoka Uganda. Mwenye banda, ambaye ndiye alikuwa mfasiri wetu, akaongeza: "Huyu alikuwa mlinzi wa Idi Amin."

Kama hukukulia Kagera huwezi kujua neno hilo lilivyotua mle ndani. Askari wa Amin waliingia kwetu mwaka 1978, wakaiteka ardhi yote mpaka mto Kagera, na daraja la Kyaka wakalivunja. Baba yangu aliingia vitani akiwa mgambo na akafika mpaka Kampala. Bandani walikuwamo watu wazima wengi wa rika lake, na walizomea mpaka mabati yakatetemeka. Katikati ya zile kelele baba akaingia na fimbo, amekuja kunitafuta. Akaona kioo, akasimama. Fimbo haikunigusa. Alikaa benchi la nyuma, hakusema neno, mpaka mpinzani wake, Undertaker, aliyejifanya maiti, alipomfungia Kamala ndani ya jeneza na kupigilia misumari. Ndipo akainuka: "Haya, twende nyumbani."

Sasa mzee amevuka sabini. Jumapili ananiuliza kwenye simu, "Yule jitu wa Amin aliishia wapi?" Nilikosa jibu, miaka thelathini yote hiyo.

Naomba mwenye kujua anisaidie. Alikuwa Mganda? Alimlinda Amin kweli? Na jina lile amelitoa wapi? Kamala kwetu ni jina la watu, Wahaya kina Kamala wamejaa, hata mbunge tumewahi kuwa naye.

---

Kipusa 77 alijibu:

Mkuu, mieleka yote ile ni maigizo. Huyo ni Mmarekani tu, kama ambavyo Undertaker si maiti. Funga uzi.

---

Dereva wa Tanga alijibu:

Kipusa, uzi usifungwe. Mzee aliyepigana vita ameuliza swali, anastahili kujibiwa.

Mtoto wa Kashai, kwanza mfikishie baba shikamoo yangu. Mwambie yule mtu hakuwa Mganda wala hakumlinda Amin. Aliitwa James Harris, kazaliwa tarehe 28 Mei 1950 Senatobia, jimbo la Mississippi, akakulia Coldwater, mji wa jirani. Mimi naendesha lori huku Marekani, kutoka Memphis kwenda Jackson, huu mwaka wa tisa, na barabara ya 55 inapita hapo hapo. Kila wiki vibao viwili hivyo vinanipita kulia: Coldwater, halafu Senatobia. Mashamba, misonobari, makanisa madogo. Mtu mweusi aliyezaliwa pale mwaka 1950 alizaliwa chini ya sheria za ubaguzi, na familia yake ililima mashamba ya watu wengine. Baba yake alipigwa risasi akafa James akiwa bado mtoto. Alipofika ujana akaanza wizi wa kuvunja nyumba, mpaka polisi wakamshauri aondoke mjini. Akaenda Florida, akachuma matunda na kuendesha lori. Hapo ndipo moyo wangu ulipomshika, maana na mimi nilianza hivyo hivyo, matunda kwanza kisha usukani.

Baadaye alihamia Benton Harbor, Michigan, akakutana na Bobo Brazil, mmoja wa weusi waliofungua milango ya mieleka nchini humu. Akaingia ulingoni mwaka 1978. Miaka ya mwanzo hakuwa jitu la Afrika. Alikuwa Sugar Bear Harris, na huko Uingereza alicheza kwa jina la Mississippi Mauler, yaani walau mahali alikotoka palitajwa kwa haki.

Uganda ilikuja mwaka 1982, hapa Memphis ninapoishi. Jerry Lawler, mfalme wa mieleka ya mji huu, na mwandaaji Jerry Jarrett walimwona: futi sita na inchi saba, zaidi ya kilo 170, mweusi, mpole. Wakampaka rangi. Zile picha za "msituni" zilizoonyeshwa kwenye televisheni zilipigwa shambani kwa Jarrett, Tennessee, na moshi wa barafu kavu ndio ukawa ukungu wa Afrika. Amin alikuwa ameshapinduliwa miaka mitatu nyuma, lakini Wamarekani jina la Uganda walilijua kwa sababu yake peke yake. Kwa hiyo hadithi ya ulinzi ikaunganishwa hapo. Mzee wako alitembea kwa miguu mpaka Kampala, na watu wa Tennessee wakatengeneza Kampala yao shambani. Hilo linaniuma, naandika kwa uchungu.

Sasa kazi yenyewe. Sisi utotoni tulisema stelingi na adui. Kwenye mieleka adui ndiye anayejaza ukumbi, maana watu hulipa kuja kumwona akipigwa. Adui mkubwa wa umbo ana shida moja: akishapigwa na stelingi wa mji, hofu imekwisha, hauziki tena pale. Zamani hizo kila jimbo lilikuwa na waandaaji wake na televisheni yake, kwa hiyo jitu lilihamahama. Memphis, Louisiana, Texas, halafu mji mwingine ambako hawajaona akianguka. Kamala aliishi hivyo miaka na miaka, mamia ya maili ndani ya gari usiku, na malipo yanategemea tiketi zilizouzwa. Hakuna mshahara wa mwezi, hakuna bima ya matibabu. 

Kuna mzee mmoja bohari ninakopakia, mweusi, karibu astaafu. Yeye alikuwa akienda Mid-South Coliseum Jumatatu usiku, siku ya mieleka hapa. Anasema Kamala alipotoka kwenye pazia watoto walikimbia viti vya mbele. Hakupiga makelele mengi. Alitembea polepole, macho yanazunguka kama ndiyo kwanza anaona taa, akijipiga tumbo kwa viganja, pa, pa, pa, na sauti ilifika mpaka juu. Halafu anaruka na kumwangukia mtu kwa tumbo. Nikamuuliza yule mzee, hukuona vibaya, mweusi mwenzako kuvalishwa vile? Akanyamaza, akafunga robota mbili za mzigo, ndipo akasema: "Niliona vibaya, na sikukosa hata Jumatatu moja."

Mwaka 1984 alipambana na André the Giant, hata ndani ya kizimba cha chuma, na wachache waliweza kusimama mbele ya André wasionekane vitoto. Mwishoni mwa 1986 na mwanzoni mwa 1987 akazunguka miji mikubwa akimwandama bingwa, Hulk Hogan, kwa ajili ya mkanda wa ubingwa. Mkanda hakuupata. Mtu kama yeye aliletwa ili Hogan aonekane ameangusha mlima.

Mliyoona bandani ni ya 1992. Tarehe 29 Agosti mwaka huo alisimama na Undertaker Wembley, London, mbele ya watu takriban elfu themanini. Pambano halikufika dakika nne. Mshika kamba wake, Kim Chee, mtu wa kinyago mwenye kofia ya wawindaji wazungu, akaingilia, na Kamala akapoteza kwa kuvunja kanuni. Angalieni jina hilo: kimchi ni kabeji ya kuchachusha ya Wakorea. Mlinzi wa "Mganda" kapewa jina la chakula cha Korea, ndivyo walivyojali Afrika. Pambano la jeneza lilifuata Novemba, Ohio, na ndilo baba yako alilolikalia kimya.

Lakini tazama tena ile kanda ukiipata. Tazama anavyoliogopa lile jeneza. Hana neno hata moja, uso umejaa rangi, na bado unamwona mtu mzima anatetemeka, anarudi nyuma, anatafuta pa kupita. Hogan alikuwa na kipaza sauti. Undertaker alikuwa na kengele na giza. Harris alikuwa na macho na tumbo, basi, na kwa hivyo viwili alifanya kazi kwa zaidi ya miaka ishirini. Kwangu mimi huyo ni fundi mkubwa kuliko wengi waliovaa mkanda.

Sukari iligundulika mwaka huo huo wa 1992. Baadaye alirudi kwenye lori. Novemba 2011 akakatwa mguu wa kushoto, Aprili 2012 wa kulia. Waliomtazama utotoni walichanga pesa. Yeye akakaa Mississippi kwenye kiti cha magurudumu, akasimulia maisha yake kitabuni, na akawa anatengeneza viti vya mbao na kuviuza. Alifariki tarehe 9 Agosti 2020, umri miaka 70, akiwa na korona.

---

Nakato Masaka alijibu:

Dereva, asante sana ssebo. Mimi ni Mganda, nilimwona Kamala kwa mjomba wangu Masaka. Sisi tulibishana kabila lake wiki nzima! Mmoja alisema Mkaramojong, mwingine akasema ni wa West Nile kwa sababu Amin alitoka huko. Jajja, mzee wa nyumba, ndiye aliyemaliza ubishi. Alitazama dakika mbili, akasema hapa Uganda hakuna watu wanaojipaka nyota na mwezi namna hiyo, na hiyo ngozi ya chui kwetu ni ya wakubwa, haivaliwi na mtu wa kupigana bila viatu.

Kuhusu jina, kwa Luganda *okumala* ni kumaliza. Tuliamini anaitwa hivyo kwa sababu anamaliza watu. Kumbe wenyewe hawakujua.

Kilichoniumiza mimi ni kwamba nilipoenda kusoma nje, wenzangu wa darasa niliposema natoka Uganda, majina yaliyowajia yalikuwa mawili, Amin na Kamala. La pili hata si letu.

---

Kipusa 77 alijibu:

Dereva nimesoma yote, nimenyamaza. Swali la kweli sasa: lini walimwacha azungumze? Maana mimi nakumbuka kuna wakati alikuwa upande wa stelingi.

---

Dereva wa Tanga alijibu:

Kweli kabisa. Mwanzoni mwa 1993. Slick, aliyekuwa meneja wa maadui, alikuja kama mchungaji, akamtoa Kamala mikononi mwa Kim Chee na Harvey Wippleman waliokuwa wakimchapa. Akaanza kumfundisha kwamba yeye ni mtu, si mnyama. Wakampeleka hata kucheza bolingi. Wengi wanaitaja ile kama kichekesho, mimi siwezi kucheka. Mtu mweusi wa Mississippi, umri miaka 42, amesimama mbele ya kamera anafundishwa kwamba ni binadamu, na watoto wanamshangilia. Hadithi haikwenda mbali, mwaka huo huo akaondoka. Mwaka 1995 walimrudisha kuwa jitu tena, kampuni nyingine, kundi la maadui wa Hogan.

Sauti yake niliisikia kwenye mahojiano ya uzeeni. Polepole, nzito, ya Mississippi tupu. Anaongea kama watu ninaowakuta kila wiki kituo cha mafuta Senatobia. Pia alilalamika wazi kwamba malipo yake yalikuwa madogo mno kuliko ya waliomshinda. Namwamini, maana aliporudi nyumbani alirudi kwenye usukani.

---

Mtoto wa Kashai aliandika:

Wakuu, nimemsomea baba yote jana usiku, pamoja na yako Nakato. Nilipofika kwa Jarrett na moshi wa barafu akanisimamisha, nirudie. Nikarudia. Akasema, "Basi tulimzomea mtoto wa watu bure." Nikamwambia baba, yeye ndiyo ilikuwa kazi yake kuzomewa. Akasema hapana, wale wa Marekani walijua ni mchezo, sisi pale bandani tulimzomea kweli.

Akaniambia kitu ambacho hakuwahi kuniambia. Siku ile hakukaa kwa ajili ya mieleka. Alikuwa anatafuta kwenye ule uso kama anamfahamu, maana Kampala aliwahi kulinda mateka wawili wa upande wa pili, warefu vile vile, na hakujua walipelekwa wapi.

Halafu akakaa kwenye habari ya viti. Baba ni fundi seremala tangu arudi vitani, karakana yake bado ipo. Ameuliza mtu asiye na miguu anashika randa vipi, anasukuma msumeno kwa nguvu ya wapi. Ameniagiza niulize hivi: Dereva, ukipita tena Senatobia, kama kuna mtu bado anacho kiti kimoja cha yule bwana, piga picha kwa chini, mahali miguu inapoungana na kikalio. Anataka kuona kama alitumia misumari au alichonga ndimi.