HR, huo si uchunguzi, ni umbea wa saa za kazi

Wakuu,

Uzi huu unawahusu watu wa HR (idara ya rasilimali watu, wanaoajiri) na mabosi wanaokaa nao kwenye jopo la usaili. Mnachukua jina la mwombaji, mnalitupia Google, mnazama Facebook na Instagram yake kabla hata hamjafika ukurasa wa pili wa CV, halafu mnasema mmemchunguza. Uchunguzi gani hauna fomu, hauna vigezo, hauna tarehe, na mwenyewe hajui kama amechunguzwa?

Sijasema mwajiri afumbe macho. Mtu akiomba kazi ya kuendesha kurasa za kampuni, kurasa zake zitazameni, ndiyo kazi yenyewe hiyo. Mtu akiomba kazi ya kukaa na watoto, na hadharani ameandika vitisho, mna haki ya kuuliza. Ugomvi ni namna mnavyofanya, na zaidi ya yote, ni lini.

Fomu ya maombi haikuuliza kama mwombaji ni mjamzito, anasali wapi, ana ugonjwa gani, anashabikia chama gani. Haikuuliza kwa sababu nchi nyingi sheria ya kazi inakataza kubagua kwa mambo hayo. Sasa wewe unafungua profaili, na picha ya juu tu inakupa karibu yote kwa sekunde tano. Tumbo limeonekana, vazi la ibada limeonekana, kiti cha magurudumu kimeonekana. Huwezi kukirudisha ulichokiona. Hata kama unamwacha kwa kukosa uzoefu kweli, siku wakili wake akiuliza nani alifungua ile akaunti, saa ngapi, aliona nini na kilimpunguzia alama ngapi, mtajibu nini? Mtabaki mnakohoa, kwa sababu hakuna karatasi.

Na faida yenyewe iko wapi? Mtafiti Van Iddekinge na wenzake walichapisha utafiti kwenye jarida la Journal of Management mwaka 2016. Waajiri walipewa profaili za Facebook za wanachuo 416 waliokuwa wanatafuta kazi, wakaambiwa wawape alama. Baadaye zikalinganishwa na tathmini za wasimamizi wa wale waliofuatiliwa hadi kazini. Alama za Facebook hazikubashiri utendaji, wala hazikubashiri nani angeacha kazi. Kilichojitokeza ni kwamba zilielekea kuwapendelea wanawake na Wazungu. Yaani mlikuwa mnapima sura, mkadhani mnapima kazi.

Tuje kwenye majina. Jina la kwanza la kawaida, la ukoo la kawaida, watu wenye majina hayo wamejaa. Mnafungua akaunti ya kwanza iliyotokea, mnakuta mtu anatukana, basi CV inaenda kapuni. Mwenye CV hana hata akaunti ya mtandao huo! Kulingana kwa jina hakuhesabiki. Zinatakiwa alama mbili nyingine angalau zilingane na CV: chuo na mwaka wa kumaliza, mwajiri wa zamani, barua pepe, au kiungo alichokiweka mwenyewe. Picha peke yake haitoshi, akaunti za kuiga zinatumia picha hizo hizo. Zikikosekana hizo mbili, funga ukurasa na usiandike chochote.

Halafu kuna hizi programu za kuchambua machapisho, zinazowauzia ripoti yenye rangi nyekundu, njano na kijani. Nyingi zinawinda maneno. Sasa Kiswahili chetu mnakijua. Mtu anaandika "umeniua mbavu", mwingine anaisifia nguo ya rafiki yake, "leo umeua", shabiki wa mpira anaposti "kesho tunawachinja tatu bila". Ikipita kwenye tafsiri ya mashine, hao wote watatu ni wauaji. Anayesoma ripoti anaona rangi nyekundu na neno "vurugu", sentensi yenyewe haioni. Mkiletewa ripoti isiyo na chapisho la asili, tarehe yake na mazungumzo yaliyolizunguka, irudisheni. Na mpeni mtu anayekijua Kiswahili cha mtaani aisome, siyo aliyekisoma darasani.

Aibu kubwa kuliko zote ni ya nywila. Mwaka 2009 mji wa Bozeman, jimbo la Montana, Marekani, ulikuwa unawataka waombaji wa kazi waandike kwenye fomu majina ya akaunti zao pamoja na nywila. Watu walipiga kelele, ukaacha ndani ya siku chache. Mwaka 2012 Maryland likawa jimbo la kwanza la Marekani kupiga marufuku waajiri kudai nywila, na mengi yakafuata. Mwaka huo huo Facebook yenyewe ilitangaza kwamba kudai nywila ya mtu ni kuvunja masharti yake. Leo mmeona fomu inaacha ushahidi, sasa ni "fungua simu yako hapa tuone kidogo", au mnamtuma mfanyakazi aliye rafiki yake achungulie yaliyofichwa, au mnaunda akaunti ya bandia ya kumwomba urafiki. Ni mlango ule ule, mmebadilisha kitasa tu. Na sanduku la ujumbe halina mwenye mmoja: mle ndani kuna siri za dada yake, mgonjwa wake, mteja wake, ambao hawajaomba kazi kwenu.

Mkitaka kufanya kwa haki, inawezekana, ila ina usumbufu, ndiyo maana hamfanyi. Andikeni kwenye tangazo la kazi kwamba mtaangalia, na mtaangalia mitandao ipi. Angalieni baada ya usaili, kwa wale wawili watatu wa mwisho, wote kwa kipimo kile kile. Anayeangalia asiwe na kura. Apewe orodha fupi ya vitu vinavyogusa kazi hiyo: vitisho, kuvujisha siri za mwajiri wa zamani, sifa za uongo. Akikuta kimojawapo, apige picha ya skrini yenye tarehe na anwani ya ukurasa, na yaliyobaki yote, ndoa, dini, afya, asiyapeleke kwa jopo. Kisha mwombaji aulizwe, "Hii ni yako? Unasemaje?" kabla ya uamuzi. Kuna machapisho ya miaka kumi iliyopita, mtu akiwa kidato cha pili, jamani.

Hilo la kuuliza silitoi kichwani. Marekani, kampuni ikilipa wakala aandae ripoti ya aina hii, sheria ya FCRA ya mwaka 1970, inayosimamia ripoti za wakala kuhusu watu, inataka ridhaa ya maandishi, na kabla ya kumkataa mtu kwa sababu ya ripoti hiyo, apewe nakala. Ulaya, wasimamizi wa ulinzi wa data walishaandika kwenye maoni yao ya mwaka 2017 kuhusu data kazini: profaili kuwa wazi si ruhusa ya mwajiri kuichota anavyotaka. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania tangu 2022, na zote mbili zinampa mtu haki ya kujua taarifa zake zilizoshikwa.

Kwa waombaji, kwa kifupi. Tafuta jina lako ndani ya alama za kunukuu, kwenye dirisha la faragha, ukiwa umetoka kwenye akaunti zako. Hivyo ndivyo wao wanavyokuona. Facebook ina kitufe cha kubana machapisho ya zamani yabaki kwa marafiki tu, ila hakigusi picha ulizotajwa kwenye kurasa za wengine, hizo ondoa jina moja moja. Tarehe za kazi za LinkedIn zifanane na CV, hapo ndipo wengi wanadakwa bure. Ukiombwa kufungua simu, sema kwa upole: "Akaunti hiyo ni ya mambo binafsi na ina mawasiliano ya watu wengine, lakini ukurasa wangu wa kazi huu hapa."

Na ukikataliwa bila maelezo, waandikie hivi: "Naomba nakala ya taarifa zote mnazoshikilia kunihusu katika maombi ya nafasi hii, zikiwemo zilizotoka mitandaoni, chanzo chake, tarehe zilipochukuliwa, na nani alizisoma." Weka tarehe, tuma kwa barua pepe, tunza nakala.

Nyongeza: kuna aliyeuliza, "kama huna cha kuficha unaogopa nini?" Mkuu, anza wewe. Weka hapa akaunti zako zote na simu ikiwa wazi, tukupe alama bila kukuambia vigezo.